Nimezungushwa miaka miwili na nusu: nifungue kesi?

Msomaji anauliza:

"Shikamoo wakili. Miaka miwili na nusu iliyopita nilimkopesha mtu tuliyewahi kufanya naye kazi ofisi moja, pesa za kufungulia karakana ya samani. Hatukuandikiana mkataba. Tulikubaliana kwa meseji, pesa nikamtumia kwa benki mara mbili. Amenirudishia kama theluthi hivi, kisha akaanza kunizungusha. Ujumbe wake wa mwisho, miezi minane iliyopita, unasema: 'Nivumilie dada yangu, nitakumalizia biashara ikikaa sawa.' Tangu hapo hapokei simu zangu. Karakana inafanya kazi, na sasa ameisajili kuwa kampuni. Nataka pesa yangu, faida ambayo ningeipata kama ningeiweka kwenye mradi wangu, na fidia ya usumbufu. Ndugu zangu wanasema nifungue kesi tu, nitashinda asubuhi na mapema. Wengine wanasema niende polisi. Meseji nyingi ziko kwenye simu yangu ya zamani iliyopasuka kioo. Nianzie wapi?"

Marahaba, dada, na pole sana. Kumkopesha mtu uliyemwamini kisha akawa hapokei simu zako kunauma kweli. Ndiyo maana nakuomba uende taratibu, kwa sababu kesi iliyofunguliwa kwa hasira huwa imeandikwa vibaya tangu ukurasa wa kwanza.

Ndugu zako wanaongelea kushinda. Mimi naanza na kulipwa. Hakimu hana sanduku la pesa. Anachokupa ni hukumu na amri inayosema fulani akulipe kiasi fulani. Asipolipa kwa hiari, unarudi mahakamani kuomba kukaza hukumu: maombi mapya, ada mpya, na kwa kawaida wewe mwenyewe ndiye unayetakiwa kuonyesha mali au akaunti unayotaka ikamatwe. Mahakama haiingii mtaani kukutafutia.

Niliwahi kumsimamia mama mmoja aliyeshinda dai lake baada ya miaka minne, kila kitu alichoomba alipewa. Siku dalali wa mahakama alipokwenda kukamata mali, alikuta nyumba ya kupanga, gari lenye kadi ya jina la shemeji, na makochi mawili. Yule mama alikuwa ameiweka nakala ya hukumu kwenye bahasha ya plastiki isije ikachafuka. Mpaka leo sina hakika kama alipata hata zile alizonilipa mimi. Tangu siku ile, mteja akija na dai la pesa, swali langu la kwanza ni: huyu mtu ana nini, na kiko kwa jina la nani?

Kaa na karatasi uandike. Ana kiwanja au nyumba iliyosajiliwa kwa jina lake? Msajili wa ardhi huruhusu watu kufanya upekuzi kwa ada. Kama ipo, ina rehani ya benki? Ikiwa nayo, benki inalipwa kwanza, wewe unasubiri mabaki. Analipwa mshahara mahali? Akaunti yake iko benki gani? (Unaijua, kwa sababu ndiko ulikotuma pesa.) Anadaiwa na wengine? Mtu anayedaiwa na watu saba na ana mali ya kumlipa mmoja, wa saba kwenye foleni hapati kitu.

Usizihesabu haraka mashine na zana unazoziona pale karakana. Sheria za nchi nyingi hukataza kukamata vifaa vya kazi ambavyo mdaiwa hujipatia riziki, pamoja na vyombo vya lazima vya nyumbani. Randa na misumeno ya fundi inaweza kuangukia hapo. Kwako kuna tatizo jingine juu ya hilo: ile kampuni.

Kampuni iliyosajiliwa ni mtu mwingine kisheria, tofauti na mwenye kampuni. Msingi huu ulithibitishwa Uingereza mwaka 1897 katika kesi ya Salomon, mtengeneza viatu aliyeihamishia biashara yake kwenye kampuni aliyokuwa na karibu hisa zote. Kampuni ilipofilisika, wadai walitaka alipe yeye mwenyewe. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, likakataa: deni la kampuni ni la kampuni. Nchi nyingi zinafuata msingi huo mpaka leo, nao unakata pande zote mbili. Wewe ulimkopesha yeye, kabla kampuni haijazaliwa. Mdaiwa wako basi ni yeye kwa jina lake. Ukiishtaki kampuni peke yake, wakili wao atasimama siku ya kwanza na pingamizi la awali kwamba umemshtaki mtu asiyehusika, na huenda akafaulu. Ukimshtaki yeye, mashine ambazo sasa ni mali ya kampuni huwezi kuzigusa moja kwa moja. Hata hivyo hisa zake ndani ya kampuni ni mali yake, na hisa zinaweza kukamatwa. Nenda kwa msajili wa kampuni uone zimeandikwa kwa jina la nani. Ukikuta zote ni za mke wake au mdogo wake, na zilihamishwa baada ya wewe kuanza kudai, mwambie wakili wako mapema. Kuhamisha mali ili kumkwepa anayekudai kunaweza kubatilishwa na mahakama, ila lazima jambo hilo liombwe na lithibitishwe.

Sasa tuje kwenye kesi yenyewe. Hapa ndipo sikubaliani kabisa na hiyo "asubuhi na mapema."

Wewe unaiita mkopo. Yeye ataiitaje? Akipata wakili anayejua kazi yake, hatakana kupokea pesa, maana rekodi za benki zipo. Atasema hivi: ni kweli nilipokea, lakini dada huyu aliingia kama mshirika, alichangia mtaji, biashara ikayumba, na hasara ni yetu sote, zile nilizompa zilikuwa gawio lake. Utetezi wa namna hii ni hatari kwa sababu hauna uongo mwingi ndani yake. Unabadilisha jina la pesa tu. Na katika kesi ya madai, anayedai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Si lazima uthibitishe pasipo shaka kama kwenye jinai. Inatosha mizania ya uwezekano ikuegemee wewe, yaani maelezo yako yaonekane yana uwezekano zaidi wa kuwa kweli kuliko yake. Mizani ikisimama katikati kabisa, umeshindwa.

Kwa hiyo zisome meseji zako zote kama unayelipwa na yeye. Tafuta ile "tu-" ya "sisi". Kama uliwahi kumwandikia "tutakuza", "karakana yetu", "tukianza kupata faida", jiandae kusikia maneno hayo yakisomwa kwa sauti, taratibu, huku ukiulizwa huyo "sisi" ni nani. Kisha tafuta maneno yake. "Nitakumalizia" ni neno zuri sana kwako. Mtu hammalizii mshirika wake, anammalizia anayemdai. Ila tazama na nusu ya pili ya ujumbe uleule: "biashara ikikaa sawa." Ataitumia kusema malipo yalitegemea biashara kufanikiwa, nayo haijakaa sawa. Ujumbe mmoja, na kila upande una kipande chake. Ndiyo maana unahitaji zaidi ya huo mmoja.

Angalia pia namna alivyokuwa akikulipa. Kama alikutumia kiasi kilekile kila mwisho wa mwezi, hiyo inafanana na marejesho ya mkopo. Kama kiasi kilipanda na kushuka kufuatana na mauzo, naye akaandika "mwezi huu tumeuza vizuri", hiyo inafanana na kugawana faida. Chukua taarifa ya akaunti kutoka benki ya kipindi chote, tangu siku ya kwanza, weka alama kila pesa iliyotoka kwako na kila iliyorudi, na uandike pembeni ujumbe mliotumiana siku hiyo. Kazi ya jioni mbili tu, lakini ndiyo itakayokuonyesha kama una kesi au una malalamiko.

Na mashahidi? Kama yupo aliyekuwapo mkikubaliana, au aliyemsikia jamaa mwenyewe akikiri deni, huyo ni shahidi. Dada yako uliyemsimulia jioni ile hakuona wala kusikia makubaliano. Atakufariji, ila mahakamani hatabeba mengi.

Kuhusu karatasi: risiti za mashine zinazochapwa kwa joto hufutika. Nimeletewa vibahasha vya risiti nyeupe kabisa, mteja akiapa kwamba zilikuwa na maandishi. Zitoe nakala leo na uandike tarehe ya kutoa nakala.

Jambo la muda halina huruma, na ndilo linalowaponza watu wapole. Kila nchi ina sheria ya ukomo, yaani muda ambao ukipita kabla hujafungua kesi, mlango unafungwa hata kama haki ni yako wazi. Kwa madai ya mkataba, Uingereza, Kenya na Tanzania zinatoa miaka 6. Ufaransa ni miaka 5. Ujerumani ni miaka 3 tu, ingawa kwa kawaida inaanza kuhesabiwa mwisho wa mwaka ambao dai lilizaliwa. Madai yasiyo ya mkataba yanaweza kuwa na muda mfupi zaidi. Kenya, kwa mfano, madai ya madhara ya kiraia kama uzembe ni miaka 3. Waone wanasheria wa nchi yako wakuambie wako ni upi.

Kwako kuna utata wa ziada: hamkupanga tarehe ya kulipa, kwa hiyo hata siku ya kuanza kuhesabu inaweza kubishaniwa. Ushauri wangu, hesabu kwa tarehe ya mapema kuliko zote, siku uliyotoa pesa ya kwanza, na uhakikishe uko ndani ya muda kwa hesabu hiyo. Katika sheria nyingi mdaiwa akilipa sehemu ya deni, au akilikiri kwa maandishi yenye saini, kabla muda haujaisha, muda unaanza upya. Malipo yake ya mwisho ni tarehe ya kuiandika ukutani. Ule ujumbe wa "nivumilie" nao unaweza kuhesabika, lakini kama meseji ina "saini" ni hoja ambayo mawakili wanaweza kuivutana, usiitegemee peke yake. Na mazungumzo ya suluhu hayasimamishi saa kila mahali. Ujerumani yanasimamisha, katika nchi nyingi nyingine mnaweza kuzungumza vizuri, kwa adabu, mpaka muda unakwisha mkiwa mezani. Wapo wadaiwa wanaolijua hilo na kulitumia.

Sasa kiasi. Pesa iliyobaki, dai bila kusita. Riba, kama hamkukubaliana, mahakama inaweza kukupa kwa kiwango itakachoona kinafaa au kinachowekwa na sheria, iombe. Faida ambayo ungeipata kwenye mradi wako ni habari nyingine. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1854, Hadley dhidi ya Baxendale, ambayo mwanafunzi wa sheria hukutana nayo mwaka wa kwanza. Kinu cha kusaga nafaka kilivunjika mtaimbo wake, msafirishaji akachelewa kuupeleka kwa mafundi, kinu kikakaa bila kazi, wenyewe wakadai faida waliyokosa. Mahakama ilisema hasara inayolipwa ni ile inayotokana kwa kawaida na kuvunjwa kwa mkataba, au ile ambayo pande zote mbili zilikuwa nayo akilini zilipokubaliana. Jiulize: siku unampa pesa, ulimwambia kwamba ukichelewa kuirudisha mradi wangu fulani utakufa? Kama hukumwambia, hiyo faida sioni ukiipata. Fidia ya usumbufu na maumivu ya moyo kwenye mkataba wa pesa ni nadra vilevile.

Utasema, si niweke tu, wakikataa wakatae? Hapana, dada. Mahakama nyingi hutoza ada kwa kufuata ukubwa wa dai, na ukubwa huohuo ndio unaoamua mahakama ya ngazi gani itakusikiliza. Dai lililovimbishwa linaweza kukutoa kwenye mahakama ya madai madogo, ambako mambo ni mepesi na mara nyingi unaweza kujisimamia, likakupeleka kwenye njia ndefu. Kenya ilianzisha Mahakama ya Madai Madogo kwa sheria ya 2016 na kuipa siku 60 za kumaliza shauri. Tofauti ya siku 60 na miaka kadhaa ni kubwa mno kuipoteza kwa ajili ya kipengele utakachonyimwa. Zaidi ya hapo, hakimu akiona umedai visivyoeleweka, anaanza kuyatilia shaka hata yanayoeleweka.

Kinyume chake, usiligawe dai. Kilicho chako kwa makubaliano haya kidai chote mara moja. Shauri likishaamuliwa huwezi kurudi kesho na kipande ulichokisahau, na katika nchi nyingi kipande hicho kinahesabika kuwa umekiacha.

Suala la polisi nalifupisha. Kukopa na kushindwa kulipa si kosa la jinai. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 11, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Jinai inaingia kama alikudanganya tangu mwanzo ili akupe hasara, mfano karakana haikuwahi kuwapo. Kwa ulivyoeleza, karakana ipo na theluthi amelipa. Na tafadhali usimwanike mitandaoni. Nimeona mdai mwenye haki akigeuzwa mdaiwa kwa madai kinzani ya kashfa, wakabaki wanazungumzia maneno aliyoandika badala ya pesa aliyokopesha.

Hatua ya kwanza, basi, ni barua ya madai. Ukurasa mmoja. Tarehe ulizotoa pesa, kiasi, alichorudisha, kilichobaki, ujumbe wake wa kuahidi kumalizia, na siku anazopewa kujibu, tuseme 14 au 21. Iite mkopo na usiongeze neno la tusi wala tishio la polisi. Ipeleke kwa njia inayoacha ushahidi kwamba aliipokea. Barua hii inafanya kazi tatu kwa mpigo: baadhi ya watu hulipa wanapoona jambo limekuwa rasmi, mahakama itataka kuona ulimdai kabla ya kumshtaki, na jibu lake litakuonyesha utetezi wake kabla hujatumia hata ada ya kufungua jalada. Akijibu "tulikuwa washirika," umejua vita iko wapi.

Katika barua hiyohiyo mpe nafasi ya kukaa na msuluhishi, mtu wa tatu atakayewasaidia kuzungumza bila kuwaamulia. Mahakama za nchi nyingi zitawapeleka huko hata mkifungua kesi. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema mwaka 2023 kwamba mahakama zinaweza hata kuwaamuru watu kujaribu njia hiyo. Kwako ina faida ya pekee: mtu mwenye karakana inayotembea lakini asiye na pesa taslimu anaweza kukulipa kwa awamu. Hukumu kwa kawaida inadai pesa yote kwa mkupuo, pesa ambayo huenda hana. Mkikubaliana, andikeni, mtie saini, na muweke kipengele kwamba akikosa awamu moja, deni lote linadaiwa siku hiyo. Muulize wakili kama makubaliano hayo yanaweza kusajiliwa mahakamani, ili akikiuka usianze kesi upya.

Gharama, mwisho, zitake kwa maandishi. Muulize wakili: ada yako mpaka kusikilizwa ni kiasi gani, rufaa je, kukaza hukumu je? Anayekujibu "tutaona mbele ya safari" mshukuru, umtafute mwingine. Katika nchi zinazofuata desturi ya Uingereza, anayeshindwa kwa kawaida hulipa gharama za mwenzake, japo mara nyingi mshindi harudishiwi zote. Marekani, kanuni ya kawaida ni kila upande kujilipia wakili wake hata ukishinda. Na kuna gharama ambazo hakuna anayekurudishia: siku utakazoomba ruhusa kazini ili usikie kesi "imetajwa" na kuahirishwa, shahidi atakayechoka kuja, na saa moja utakayosimama kizimbani ukihojiwa na mtu ambaye kazi yake ni kukufanya uonekane umesahau. Weka jumla hiyo upande mmoja, upande wa pili uweke kiasi ambacho orodha yako ya mali inaonyesha unaweza kukipata kweli. Kama ana kiwanja kisicho na rehani na umebakiwa na theluthi mbili za pesa nyingi, mimi ningekwenda. Kama ana makochi mawili na hisa ziko kwa mke, ningepigania suluhu ya awamu kwa nguvu zangu zote.

Lakini barua isitoke kabla hujashughulikia ile simu yenye kioo kilichopasuka. Usiipeleke kwa fundi yeyote atakayetaka kuifuta ili aiwashe upya. Ichaji, hifadhi nakala ya mazungumzo yote tangu ujumbe wa kwanza, yenye namba yake na tarehe zikionekana, siyo vipande ulivyokata wewe vinavyokupendeza. Nakala moja itume kwenye barua pepe yako, nyingine mpe wakili. Simu yenyewe izime, uiweke kabatini, na usiiuze wala kumpa mtoto mpaka shauri hili liishe, kwa sababu wakibisha kwamba ujumbe umetengenezwa, mahakama itaomba kuiona.